Prosesa Mpya ya Mama Régine

Siku yangu ya kwanza kazini nilikatazwa kugusa mashine. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, suruali imepigwa pasi, cheti cha shule ya ufundi kimekunjwa mfukoni, na nilikuwa nimejiahidi kwamba kabla ya saa sita mchana Centre Mécanographique nzima itajua nimefika. Kituo hicho kilikuwa cha kampuni ya shaba pale Likasi. Kazi yake ilikuwa kuhesabu kwa mashine mambo ambayo zamani makarani waliyahesabu kwa vidole: saa za kazi, tani za madini, siku za likizo. Kila jambo liliandikwa kwa matundu kwenye kadi ngumu, na mashine ikayasoma matundu. Chumba kilikuwa na baridi ya kutengenezwa hata mwezi wa Oktoba, wakati Likasi yote inahema.

Mkuu wetu tulimwita Chef de Centre, na sikumsikia mtu hata mmoja akimwita kwa jina lake. Alivaa koti jeupe kama la daktari. Alinipa trei ya kadi na penseli.

"Hizi ni bantu ya uongo," akasema. "Hakuna ata mumoja mwenye anaishi. Hesabu siku yabo ya congé, ya likizo, na mukono. Ukimaliza, mashini nayo itahesabu. Mukipatana, kesho unarudia ku kazi."

"Na kama hatupatane, Chef?"

"Basi mumoja wenu atarudia kwabo. Na mashini iko nzito, haibebeke."

Tulipatana. Kadi zile tuliziita jeu d'essai, yaani mafaili ya majaribio ambayo majibu yake mtu ameshayapata kwa penseli na kuyafungia kwenye droo. Sheria ya Chef de Centre ilikuwa moja: ukigusa kitu chochote ndani ya mashine, hata skrubu, unapitisha kwanza watu wa uongo kabla ya kupitisha watu wa kweli. Nilimwona akimrudisha fundi mzima kwenye meza ya penseli, mtu mwenye wajukuu, kwa sababu alibadilisha mkanda mmoja akaanza kazi bila majaribio. "Mashini ikikufa, hiyo haiko shida," alimwambia mbele yetu sote. "Tunaona imekufa. Shida ni ikigonjwa na inaendelea kutumika." Sisi vijana tulicheka kichinichini. Tulimwona mzee msumbufu.

Baadaye nilihamishiwa Lubumbashi, chini ya Ingénieur Principal, mtu mwembamba asiyesema sana. Huyo ndiye aliyenifundisha kufungua kompyuta ndogo na kuushika ubongo wake, prosesa, bila kuuharibu. "Shika kwanza chuma," alikuwa akisema kila asubuhi. "Toa courant ya mwili yako. Weye njo munyama wa kwanza mwenye anaweza kuua hii kintu." Courant ni umeme, na ule mdogo wa mwilini unatosha kuiua prosesa. Kisha nikarudishwa Likasi kufanya kazi kwa Directeur de l'Informatique, ambaye alipenda mikutano kuliko alivyopenda kompyuta. Sikujifunza lolote kwake isipokuwa kusinzia nikiwa nimenyooka.

Halafu yakaja yale mnayoyasikia kwa wazazi wenu: kampuni ilianguka, na nchi ikaanguka nayo. Ofisi hazikufungwa siku moja. Zilikauka. Kwanza ilitoweka mashine ya kuleta baridi, kisha vioo, kisha Directeur mwenyewe. Majirani waliofukuzwa kwa asili yao waliondoka kwa treni na magodoro yao. Makaratasi ya ofisi yalifika sokoni, akina mama wakayafungia karanga. Mimi mwenyewe nimekula karanga zilizofungwa ndani ya fomu yangu ya likizo, sahihi ya Chef de Centre ikiwa pale chini imelowa mafuta. Nilibaki na mfuko wa bisibisi, nikawa fundi wa kompyuta za nyumbani. Hazikuwa nyingi. Daktari mmoja alikuwa nayo, wafanyabiashara wawili watatu, mapadri, na wale makatibu wa zamani walioachiwa mashine na wakubwa waliokimbia. Nililipwa unga, na siku ikiwa nzuri, samaki wa chumvi.

Mmoja wa makatibu hao alikuwa Mama Régine, mjane wa mtaa wa Panda, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Alikuwa katika kikundi cha parokia kilichowapelekea wafungwa chakula. Alianza kwa kubeba bukari, ugali wetu, akaishia kubeba majina. Karatasi za gerezani zilikuwa zikipata yale yaliyozipata karatasi zote za nchi: mvua, mchwa, na soko la karanga. Mtu aliyehukumiwa miaka mitatu, karatasi yake ikipotea, nani atajua kwamba mitatu imekwisha? Basi Mama Régine aliketi na wafungwa mmoja mmoja, akinakili kila hati iliyobaki kwenye daftari, na akirudi nyumbani aliyaingiza yote kwenye kompyuta yake. Mseminari mmoja alikuwa amemwandikia programu. Unaweka siku ya kuingia, adhabu, siku alizokaa akingoja hukumu, na siku alizosamehewa. Mashine inatoa siku ya kutoka, kisha inapanga majina yote, waliomaliza juu, wenye siku nyingi chini. Mseminari alikwenda kusoma mbali na barua zake zikakoma. Programu ilibaki, lakini hakuna aliyeweza kuifungua ndani na kuirekebisha.

Alinifuata nyumbani kwangu Kikula siku ya Jumanne, jasho linamtiririka.

"Papa Jules, juge anakuya Vendredi. Anatoka Lubumbashi. Benye walimaliza siku yabo, atabatosha siku ileile. Lakini anataka liste."

"Si uko nayo mu ordinateur?"

"Niko na majina. Liste ayiko! Ukiiambia ipange, inatumika masaa tano. Na weye unajua Panda: courant inakuya masaa tatu, inaenda. Nilijaribu mara ine. Mara ine, kompyuta inazimika katikati, inaanza tena ku zéro."

Hapo ndipo ilipokuwa shida yote: jaji anafika Ijumaa kuwatoa waliomaliza adhabu, na orodha hakuna. Umeme unazaliwa Koni na Mwadingusha, karibu na pua zetu, lakini mitaani ulikuja kwa zamu: saa moja hadi saa nne asubuhi, saa nane hadi saa kumi na moja alasiri. Programu haikuhifadhi kazi iliyofanyika nusu. Kuwahesabu kwa penseli watu zaidi ya mia nane kungechukua zaidi ya wiki. Kulikuwa na njia moja tu: kuiharakisha mashine ili imalize kabla umeme haujaondoka.

Ndani yake kulikuwa na prosesa ya aina tuliyoiita 486 SX, ya mwendo wa ishirini na tano, tena isiyo na sehemu yake ya kuhesabu namba zenye koma. Nilimjua mfanyabiashara aliyekuwa na DX2 ya mwendo wa sitini na sita, ambayo sehemu hiyo inayo, na miguu yake inaingia kwenye soketi ileile. Aliniletea imefungwa kwenye karatasi ya sigara, bila chombo cha kuipoza. Hapo ndipo penye balaa. SX haikuhitaji kupozwa. DX2 inachemka, na lazima ivalishwe kipande cha chuma chenye mapezi cha kunyonya joto. Kwa Kifaransa tunakiita radiateur. Huko duniani wanakitengeneza kwa alumini nyepesi. Lakini sisi ni watu wa Katanga. Tuna shaba, na tunaamini shaba inaweza kila kitu.

Nilikwenda kwa Vieux Mumba, aliyekuwa mwagaji shaba kiwandani na sasa akiyeyusha masufuria nyuma ya nyumba yake. Nilimchorea kipimo. Alinimwagia kwenye mchanga kipande kizito, chekundu, chenye mapezi manene. Sikuuliza shaba yake ilitoka wapi. Miaka ile hatukuuliza. Kilikuwa kizuri mpaka nilikibeba mkononi barabarani ili watu wakione.

Lazima niseme na hili, kwa sababu ndilo lenye uzito kuliko yote. Kati ya majina yale mia nane lilikuwepo jina la Désiré, mdogo wake mke wangu, Alphonsine. Alilelewa nyumbani mwetu tangu ana miaka saba. Alikamatwa na kebo ya shaba begani, yeye ambaye hata kuku hakuwahi kumwibia mtu, njaa tu. Mimi nilikuwa mahakamani siku ya hukumu. Mwezi wake wa kutoka niliujua kama ninavyoujua wa kuzaliwa kwangu. Alikuwa amebakiza miezi kumi na minne. Orodha ya Ijumaa haikuwa yake.

Alhamisi, saa saba mchana, nilianza kazi nyumbani kwa Mama Régine nikingoja zamu ya alasiri. Mafaili yote nilikuwa nimeshayanakili kwenye disketi mbili Jumatano, moja nikampa Mama Régine aifiche kabatini kati ya nguo. Mipangilio ya mashine, ile inayoonekana skrini inapowaka, niliiandika yote kwa kalamu, maana betri yake ndogo ilikuwa imechoka na ingeweza kuisahau. Nilishika chuma. Niliinua prosesa ya zamani kwa kisu butu, kidogo upande huu, kidogo upande ule, kama anayeng'oa jino la mtoto. Nikaitazama alama ya kona, nikaikandamiza mpya. Nikahamisha vile vishikizo vidogo vya kwenye ubao, cavaliers, ili mashine ijue mwendo mpya. Nikaweka shaba juu, nikaifunga kwa waya. Nafasi mezani ilikuwa finyu, tukalisimamisha sanduku kwa ubavu.

Umeme ulikuja saa nane. Skrini ikawaka, ikaandika jina la prosesa mpya. Programu zote zilifunguka, hakuna hata moja iliyolalamika. Tulianzisha orodha. Kazi ya muda wa saa tano iliisha kwa saa moja na dakika kumi! Printa ikaanza kupiga kelele, karatasi zikashuka, Mama Régine akazishika kwa mikono miwili akiimba.

Ilikuwa bado saa kumi. Umeme ulikuwepo mpaka saa kumi na moja. Ningeweza kuchukua daftari, nikachagua mafaili matatu, nikayahesabu kwa penseli. Robo saa ingetosha. Lakini Mama Régine alikuwa ameweka bukari mezani, na nyama, nyama ya kweli, na mimi sikuwa nimekula tangu jana yake. Nilinawa mikono. Kuanzia siku ya kadi za uongo mpaka siku ile, sikuwahi kuruka jeu d'essai. Niliiruka kwa sahani moja ya nyama.

Nilipita kwa Vieux Mumba kumsifia shaba yake. Nilipofika nyumbani, nilisikia nyimbo tangu barabarani. Alphonsine alikuwa uani anafua shati, majirani wamemzunguka.

"Papa Jules! Désiré anatoka kesho!"

"Nani alisema?"

"Mama Régine mwenyewe alikuya! Jina yake iko pa ukurasa ya kwanza. Na ni mashini yako, bwana yangu. Ni weye!"

"Alisoma muzuri?"

"Alisoma mara tatu. Juu ya nini unauliza vile? Haufurahi?"

Nilisema nimefurahi. Nilikaa kwenye kiti. Désiré hakusamehewa hata siku moja, faili lake nililiona. Tarehe yake ilikuwa ya uongo. Na mashine haina upendeleo: ikiwa imemkosea Désiré kwa kumpa, imemkosea mwingine kwa kumnyang'anya. Yupo mtu aliyemaliza siku zake na kesho hataitwa, na jaji akiondoka hatujui atarudi lini, kama atarudi.

Kunyamaza kulikuwa rahisi sana. Hakuna mtu mwingine aliyejua. Niliitazama sura ya mke wangu alipokuwa akilianika shati lile, nikanyamaza jioni yote. Asubuhi nilimwambia nakwenda kukagua mashine. Alikuwa ameshika pasi ya makaa. "Tutapatana pa mulango ya gereza," akasema, "minye ntafika mbele." Sikumwambia. Nilikuwa mwoga, na neno hilo siliondoi hapa.

Saa moja asubuhi, umeme unaingia, nilikuwa mlangoni kwa Mama Régine. Niliomba daftari na penseli. Nilihesabu mafaili matano. Matatu hayakupatana na orodha. La tatu lilikuwa la mzee mmoja, Papa Ferdinand, aliyekuwa amemaliza adhabu yake miaka mitatu iliyopita. Orodha yetu ilimweka ukurasa wa mwisho, na miaka tisa mbele yake.

Mama Régine alikaa chini taratibu.

"Ni virus?" akauliza.

"Hapana, Mama. Programu iko muzima. Ni minye njo nilikosea. Prosesa inaunguaka, inahesabu na homa."

"Na Désiré?"

"Désiré bado. Miezi kumi na ine."

"Alphonsine anajua?"

"Hajue."

Alilifunga daftari. Kisha alisema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Papa Jules. Tutengeneze ya bengine. Ya Désiré tuiache tu pale iko. Ni jina moja."

Nitawaambia ukweli: nilitaka kukubali. Mwanamke yule, ambaye hakuwahi kunidanganya hata kwa kikombe cha unga, alikuwa ananipa shemeji yangu. Nilijibu, "Juge atahesabu jina moja mbele yetu, au mbili. Kama ikiangukia ya Désiré, atapasula liste yote." Hilo lilikuwa jibu sahihi. Sijui kama ndilo lililonizuia. Huenda ilikuwa ni aibu tu, aibu ya fundi. Mama Régine alijifuta macho kwa kitenge.

"Basi fanya mbio," akasema.

Nililifungua sanduku. Shaba ilikuwa nzito mno, na sanduku likiwa limesimama kwa ubavu ilikuwa imening'inia na kuachana na prosesa kwenye kona. Niliigeuza. Chini yake, alama ya kugusana ilikuwa ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Ilimwagwa kwenye mchanga, haikuwa bapa. Juu ilipendeza, chini ilikuwa na vilima. Kitu ambacho fundi yeyote angekiona kwa kukipitisha kidole, mimi nilikuwa nimekitembeza mtaani nikisifiwa.

Nilitoka nayo mpaka kizingiti cha saruji. Mama Régine akamwaga maji na mchanga, mimi nikasugua, nikasugua, vidole vikatoka damu, na yeye akizisoma dakika kwa sauti kama anayesoma litania. Ilipokuwa bapa niliipaka dawa nyeupe ya zinki ile wanayopakwa watoto wachanga matakoni, ili ijaze mianya na kupitisha joto. Niliifunga upya. Sanduku tulililaza chali sakafuni. Cavaliers nilizirudisha kwenye mwendo wa chini. Prosesa itakwenda polepole kidogo, lakini haitaungua. Nilipiga hesabu: saa moja na nusu, pengine zaidi kidogo. Ilikuwa saa mbili na dakika kumi. Umeme ungeondoka saa nne.

Kusubiri kule siwezi kukueleza. Hakuna cha kufanya, hakuna cha kugusa. Namba inapanda pembeni mwa skrini, faili baada ya faili, na kila taa ya dari ikitikisika mnashikana mikono. Kila baada ya dakika chache niliweka kidole kwenye shaba. Ilikuwa na joto, joto la kikombe cha chai, si zaidi. Mama Régine alisali rozari nzima kisha akaanza nyingine. Saa tatu na dakika arobaini na tatu, namba ilisimama.

Hatukuchapa. Nilifungua majina matano yale kwenye skrini. La kwanza likapatana na penseli yangu. La pili. La tatu, Papa Ferdinand, ukurasa wa kwanza, mstari wa pili. La nne, la tano. Kisha nikamtafuta Désiré mimi mwenyewe. Miezi kumi na minne, siku ileile niliyoisikia mahakamani. "Chapa," nikasema. Printa ilikuwa ukurasa wa kumi na mbili umeme ulipokatika, lakini waliomaliza walikuwa wote kwenye kurasa mbili za mwanzo, na kurasa hizo zilikuwa zimeshaingia mfukoni mwa Mama Régine. Orodha ya jana tuliitia jikoni.

Gerezani jaji alikuwa mtu mfupi mwenye miwani, amekaa nyuma ya meza iliyotolewa nje. Alichukua kalamu, akachagua majina matatu, akahesabu mwenyewe pembeni mwa karatasi bila kumwangalia mtu. Alipomaliza alisema tu, "Ça va," yaani sawa, akaanza kuita.

Mimi nilikuwa nimeshamfikia Alphonsine langoni. Shati lilikuwa mkononi mwake, limekunjwa.

"Désiré hatoke leo," nikamwambia.

"Mama Régine alisoma."

"Mashini ilidanganya. Minye njo niliifanya idanganye. Leo tuliitengeneza."

"Ni nani alijua ya kuwa inadanganya?"

"Ni minye."

"Weye moja?"

"Eyo."

Alisimama pale mpaka mfungwa wa mwisho alipotoka, na walikuwa thelathini na mmoja. Aliwatazama wote nyuso. Papa Ferdinand alitoka akishika ukuta, mwanga unamuumiza, na hakuna mtu aliyekuja kumpokea. Mama Régine alimchukua mkono. Kisha Alphonsine akageuka akarudi nyumbani kwa miguu, nami nyuma yake, hatua kumi, njia yote.

Désiré alikufa gerezani mwezi wa tisa baada ya siku ile. Ilikuwa kuhara, msimu wa mvua, siku tatu tu. Alikuwa amebakiza miezi mitano.

Niliendelea na kazi miaka mingine mingi. Nilizibadilisha prosesa nisizoweza kuzihesabu, na kila moja niliipitishia watu wa uongo kabla ya watu wa kweli, hata wenye mashine wakinicheka. Sasa mikono inatetemeka, bisibisi nimempa mwingine. Vijana wanakuja kuniuliza: Papa, unabadilishaje prosesa bila programu kuharibika? Nawaambia. Nakili mafaili kwanza, andika mipangilio kwa kalamu, shika chuma, pima chini ya radiateur kwa kidole chako, usidanganywe na uzuri wa juu yake. Na mashine ikiwaka na kila kitu kikifunguka, usisimame, usile, kaa na penseli. Programu hulaumiwa bure mara nyingi. Wananishukuru, wanaondoka wakiamini nimewapa siri za ufundi. Wachache wanakasirika kwamba sikuwapa njia ya mkato. Hao nawafukuza.

Kwa miaka mingi Alphonsine hakuligusa jambo lile, na mimi sikuligusa. Tuliishi vizuri, tulizeeka. Mwaka uliopita, tunachambua maharagwe mezani, bila kuinua kichwa aliniuliza:

"Kama ile siku ungenyamaza?"

"Désiré angekuwa hapa."

"Na ule muzee?"

"Angekufia kule. Na bengine pamoja naye."

Aliendelea kuchambua. Nilidhani ameridhika.

"Najua ulifanya muzuri," akasema. "Lakini minye nilitaka Désiré."

Nikaweka maharagwe chini. "Na minye pia," nikamwambia. "Kila siku."